Binti Yetu na Mitambo Mizito

Mume wangu ni fundi wa mitambo mizito: matingatinga, magreda, makatapila ya kuchimbia na zile foklifti kubwa za kubebea makontena. Kwa miaka 22 nimefua ovaroli zake, na nimeamka naye saa nane za usiku simu inapolia kwamba mtambo umekwama machimboni na malori yamepanga foleni. Kazi hii ndiyo iliyotujengea nyumba na kuwasomesha watoto wetu wanne. Kwa hivyo binti yetu wa pili alipomaliza kidato cha nne na kusema kwamba angependa kusomea ufundi huo huo, nilitarajia upinzani kutoka kwa kila mtu isipokuwa baba yake. Baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa.

Wifi yangu naye alisema yake. "Mtoto wa kike na grisi, wapi na wapi? Nani atakayemposa?" Maneno hayo sikuyapa uzito, kwani katika ukoo huo huo wamo wasichana waliosomea kazi za ofisini na hadi leo wanaitafuta hiyo ofisi. Kilichonishughulisha ni kukataa kwa mume wangu, maana yeye hakuona haya ya kazi yake hata siku moja. Aliogopa. Miaka yote alikuwa akirudi nyumbani na kuniambia kazi imekwenda salama, nami nikijibu alhamdulillahi na kuandaa chakula. Usiku ule ndipo aliponieleza kwa mara ya kwanza usalama huo una maana gani.

Mkono wa katapila huinuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba na mipira. Gurudumu la gari dogo huwa na shinikizo la pauni 30 na kitu kwa inchi mraba. Mafuta ya katapila huweza kufikia 5,000. Mpira ukitoboka tundu dogo mfano wa sindano, mafuta hutoka kwa kasi ya kupenya ngozi ya binadamu. Jeraha huonekana kama mchomo wa mwiba, na huenda mwanzoni lisiume sana, na hapo ndipo hatari ilipo: mafuta yamo ndani yakiharibu nyama, na mtu asipofikishwa haraka kwa daktari wa upasuaji huweza kupoteza kidole au mkono mzima. Ndiyo sababu fundi hatafuti uvujaji kwa kupapasa. Hupitisha kipande cha kadibodi. Wala haingii chini ya mkono wa mtambo ulioinuliwa bila ya kuegemezwa, hata kwa dakika moja. Kwanza huteremsha ndoo ya mtambo hadi ardhini, huzima injini, huondoa shinikizo lililobaki, kisha huutia ufunguo mfukoni mwake.

"Ufunguo ule ni roho yangu," aliniambia. "Simpi mtu."

Nikamwuliza, "Na watoto wa wenzio uliowafunza kazi, hao hukuwahofia?" Alinyamaza kwa muda. Amefunza vijana wengi, wote wa kiume, na hakuna hata mmoja aliyeumia chini ya uangalizi wake.

Asubuhi yake binti alimwendea mwenyewe. "Baba, nifunze wewe kwanza. Ukiniona sifai, niambie, nami nitaacha." Wakakubaliana Jumamosi za miezi mitatu. Jumamosi za mwanzo hakushika spana. Aliosha vyuma na kufuta vumbi, maana vumbi na chumvi ya bahari ndio maadui wakubwa wa mitambo ya kwetu pwani. Kisha akafundishwa kwamba mtambo hauhesabiwi kilomita bali saa ulizofanya kazi, na huhudumiwa kwa vipindi vya saa 250, 500, 1,000 na kuendelea. Kilichomvutia kuliko vyote ni kwamba mafuta ya injini hupelekwa maabara kama damu ya mgonjwa: chuma kikizidi ndani yake, kuna kitu kinasagika, silika ikizidi, huenda vumbi limepata njia ya kuingia. Na kwa kuwa mitambo ya siku hizi ina kompyuta zake, siku moja nilimsikia mume wangu, ambaye amezoea kuujua ugonjwa wa injini kwa sikio, akimwita binti yake amsomee hitilafu kwenye kioo.

Yapo yanayotuhusu sisi kwa namna ya pekee, nami nayataja kwa sababu akina mama wameniuliza. Mtandio wenye ncha zinazoning'inia ni hatari karibu na mkanda unaozunguka, kwa hivyo binti huvaa ushungi mfupi uliobana, na ncha zote huzitia ndani ya ovaroli. Kabla ya udhu, grisi lazima iondoke kwenye ngozi ili maji yafike. Baba yake alimwonyesha kuisugua kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na vumbi la mbao. Weusi unaobaki kwenye mistari ya vidole baada ya ganda kutoka ni rangi tu.

Wanaosema ufundi si njia yetu wamesahau historia ya mji wao. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, na makusudio yake yalikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi.

Sitaki hata hivyo kuipamba kazi hii. Kandarasi huisha. Uchimbaji wa titani huko Kwale ulikoma mwishoni mwa 2024, na fundi asiye na cheti hutafuta kazi kwa shida hata akiwa hodari. Kwa hivyo sharti la mwisho la mume wangu lilikuwa kwamba binti asiridhike na ujuzi wa gereji: asome chuoni, kisha afanye mitihani ya ufundi ya NITA kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza.

Masomo yanaanza muhula ujao, na nusu ya karo tumeshalipa. Viatu vya kazi vyenye chuma mbele vilitusumbua, kwani maduka mengi yana saizi za wanaume tu. Mume wangu alizunguka siku mbili akavipata. Wifi yangu bado hajaridhika. Juzi alipokuja kututembelea alivigeuzageuza viatu vile mkononi, akauliza bei yake, akavirudisha mahali pake bila ya kusema neno.