Ua la Bure

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii imekaririwa madarasani hadi ikachujuka, lakini kuna siku ilipojaa maana upya, mjini Kisumu, katika ua wa ajuza mmoja aliyekuwa mwalimu mstaafu na mjane wa mvuvi.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni, alikuwa amemchimbia kidimbwi cha upana wa mita mbili na kina cha nusu mita na ushei. Yalibaki maua tu. Basi alfajiri akashuka ziwani, akarejea na ndoo ya magugumaji yaliyochanua. Maua yalikuwa ya zambarau hafifu, na kila moja lilikuwa na doa la manjano mithili ya jicho katika unyoya wa tausi.

“Nyanya, haya hayataki chungu wala udongo,” alisema kwa furaha. “Yanaelea yenyewe. Tena ni ya bure!”

Ajuza aliinama, akaminya kikonyo kilichovimba kama kibuyu kichanga.

“Ya bure?” aliuliza. “Babu yako aliyalipia mashua.”

Gugumaji si mwenyeji wa ziwa hilo. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, na ni binadamu waliolitawanya duniani kwa kuvutiwa na ua lake, wakilipamba katika madimbwi yao. Lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Likipata joto na maji yenye rutuba, huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake hujificha matopeni miaka mingi. Kufikia mwaka wa 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam. Mara nyavu za babu zikanaswa chini ya zulia hilo la kijani. Mara mashua ikashindwa kutoka ufukoni. Hatimaye aliiuza kwa bei ya kuni, akawa bawabu wa usiku hadi alipofariki. Fukusi walioletwa kulitafuna walilipunguza mno, lakini baada ya miaka michache likarejea.

Kijana alitahayari, ila hakukosa hoja.

“Lakini Nyanya, ziwani limejaa tayari. Dimbwi hili moja litaongeza nini?”

“Ziwa sikulichagulia mimi, mjukuu wangu. Hiki kidimbwi nakichagulia.”

Hapakuwa na la kujibu. Magugumaji yalianikwa juu ya jiwe hadi yakakauka, kisha yakachomwa. Siku ya pili wawili hao walikwenda kwa muuza miche, wakanunua yungiyungi la samawati, mwenyeji wa Afrika Mashariki. Hilo halielei ovyo. Mizizi yake hushika matope. Walilipanda katika chungu cha udongo mzito, wakatandaza kokoto juu, wakalizamisha mahali penye jua la kutosha na maji matulivu. Majani yake yangetia kivuli na kuzuia mwani usitawale, mradi yapunguzwe kila yanapozidi, ili sehemu ya maji ibaki wazi. Ukingoni waliweka mafunjo, nayo chunguni, mizizi isije ikatangatanga. Mwisho wakatia ngege wachanga wawili watatu wa kula viluwiluwi vya mbu.

Ama kweli, kuchagua mmea wa kidimbwi si kutafuta ua linalopendeza tu. Ni kuuliza mmea huo utafanya nini mwenyewe akiupa kisogo. Gugumaji halina hila. Lilifanya lililoumbwa kufanya. Kosa ni la mkono uliolichukua kwa kutazama ua pekee.

Likizo ilipokwisha, yungiyungi lilikuwa na majani matatu, bila hata tumba. Kila asubuhi ajuza huketi kando ya kidimbwi na kikombe cha chai, akayahesabu majani, wala hana haraka.