Motokaa ya Kumbukumbu



Kurasa hizi aghalabu hujaa mambo ya sarufi na ushairi, na mimi mwenyewe nimewahi kuwachosheni na ngeli zaidi ya mara moja. Leo naomba ruhusa niseme habari za motokaa. Msinicheke mapema, kwani habari yenyewe itatufikisha kwenye madaftari mawili ya maneno ya Kiswahili ambayo niliyapoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka 2016 nilialikwa kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika chuo kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kiwandani. Desturi ya huko ni kumwita mtu kwa jina lake, awe na miaka ishirini au themanini, lakini ulimi wangu ulikataa kabisa. Nilimwita Mzee, naye, baada ya kuwasikia wanafunzi wangu, akaniita Mwalimu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na gereji, na ndani yake ilikuwamo Plymouth Belvedere ya mwaka 1965. Rangi yake ya samawati ilikuwa imefifia, lakini mabati yalikuwa mazima, ila sakafu ya upande wa dereva iliyoanza kuliwa na kutu. Mimi ni mtoto wa fundi wa kuchomelea wa Mbale, nchini Uganda, na nimekua nikiona motokaa zilizokufa mara tatu zikifufuliwa. Nilimwambia Mzee kwamba kwetu motokaa kama ile ingebeba abiria kesho yake asubuhi. Akacheka, akasema anakusudia kuikata.

Yafaa nieleze. Wamarekani wana mashindano ambayo motokaa mbili husimama sambamba, taa ikiwaka zikafyatuka, na itakayotangulia kumaliza robo maili, yaani mita 402 hivi, ndiyo mshindi. Hakuna kona wala mzunguko. Chama chao kikubwa, NHRA, kiliundwa mwaka 1951, na viwanja vingi vya siku zile vilikuwa njia za ndege zilizoachwa baada ya vita. Katika mbio za namna hii shida kubwa ni kuifikisha nguvu ya injini ardhini. Magurudumu ya nyuma yakikosa uzito juu yake huzunguka bure, moshi ukatoka, na motokaa ikabaki pale pale. Kwa hiyo mwaka 1965 wahandisi wa Chrysler walifanya jambo la ajabu. Walichukua Plymouth na Dodge chache, wakaisogeza ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15, na ekseli ya mbele nayo wakaisogeza mbele kwa inchi 10. Umbo la bodi lilibaki lile lile la dukani, lakini magurudumu hayakuwa tena mahali pake, na uzito mwingi zaidi ukaelemea nyuma. Mabati yalichovywa katika tindikali ili yawe membamba, na milango na boneti zikafanywa kwa faiba. Humo ikatiwa injini iitwayo Hemi, ya lita 7, ambayo jina lake latokana na vyumba vyake vya mwako vyenye umbo la nusu tufe.

NHRA ilizikataa katika daraja lake la motokaa za kiwandani, lakini waandaaji wengine wakazipokea kwa mikono miwili. Watazamaji walipoona magurudumu ya nyuma yamesogea karibu na mlango na mkia mrefu umening'inia nyuma yake, walicheka, wakaziita motokaa za kuchekesha. Jina likashika. Hata leo daraja zima la mbio huko laitwa hivyo, ingawa mwaka 1966 ilikuja Comet ya Mercury yenye bodi moja ya faiba inayofunuliwa kama kifuniko cha sanduku, na baada yake bati la dukani likatoweka upesi katika daraja hilo. Jina limebaki, kitu kilichoitwa kwa jina hilo kimekwenda zake. Sidhani kwamba walimu wa lugha wahitaji kuelezwa jinsi mambo hayo yanavyotokea.

Mzee alikuwa na miaka kumi na minne siku baba yake alipompeleka kuziona. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alianza na mlio, jinsi kifua kilivyotetemeka kabla masikio hayajatambua kilichopita. Zile halisi zilikuwa chache tangu mwanzo, na zilizosalia bei yake haikaribiwi na mstaafu. Basi akaamua kuunda moja ya kuzitolea heshima. Nililitafutia jambo hilo neno la Kiswahili kwa siku kadhaa. 'Nakala' lilinipa karatasi. 'Bandia' lilikuwa tusi, maana kitu bandia hukusudia kudanganya, na Mzee alichukia udanganyifu huo kuliko kutu. Alinieleza kwamba wapo watu wanaong'oa kibati cha namba kwenye motokaa iliyooza, wakakipachika kwenye nyingine, kisha wakaiuza kama ya asili. Yeye kibati chake hakukigusa, na chini ya dashibodi alipigilia kingine kinachosema motokaa hii imekatwa na nani, mwaka gani, na kwamba haikutoka kiwandani hivyo. Hata kwa injini hakutaka kudanganya. Hemi hakuimudu, akatia ya inchi za ujazo 440, na kila mgeni alimwambia hivyo kabla ya kufunua boneti. Mwishowe nikaiita motokaa ya kumbukumbu, naye akajifunza kulitamka jina hilo, japo vibaya.

Lakini jambo moja lilinisumbua moyoni. Motokaa hii ilikuwa nzima. Aliinunua kwa mjane wa mtu aliyeitunza kwa miaka mingi. Jioni moja nilimwuliza waziwazi kama ni haki kuiharibu iliyopo ili kuiheshimu isiyokuwapo. Alifuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena, akasema, "Wale wa mwaka 1965 nao walikata motokaa mpya, Mwalimu." Jibu hilo halikunitosha, wala sidhani kwamba lilimtosha mwenyewe, kwa sababu juma zima hakushika msumeno. Alimpigia simu mjane, akamweleza nia yake. Mama yule akaja na binti yake, akaketi katika kiti cha abiria kitambo kirefu bila kusema. Kisha akasema kwamba mumewe angependa kuiona inakimbia. Aliomba apewe usukani tu, akaondoka nao mapajani.

Basi tukaikata. Mzee alipima kila mahali mara tatu, akapiga picha, akaandika vipimo. Tulitoa kipande cha sakafu, tukahamisha matao ya magurudumu ya nyuma, tukaziba pengo lililobaki kwa bati jipya. Alishangaa kwamba mwalimu wa lugha ajua kushikilia bati mbele ya moto bila kupepesa. Nikamwambia amshukuru marehemu baba yangu. Kila kipande kilichotoka alikiandika kwa rangi nyeupe: kilikuwa upande gani, kimetolewa tarehe gani. Kisha alikitundika ukutani. Nilimwuliza vya nini, maana havitarudishwa. Akajibu kwamba atakayeipata motokaa hii baada yake sharti ajue nini kilitolewa.

Nilirudi chumbani mwangu usiku ule nikakosa usingizi.

Mwalimu wangu wa kwanza wa Kiswahili pale Mbale alikuwa mzee aliyezaliwa pwani akaletwa bara na biashara. Kwa miaka mingi aliandika katika madaftari mawili maneno aliyoyasikia sokoni na stesheni, na kando ya kila neno aliandika nani alilisema na wapi. Alipofariki mwaka 2004, jamaa zake walinikabidhi madaftari hayo. Nilikuwa kijana mwenye diploma mpya na ari kubwa ya usanifu. Nikaona kwamba heshima kubwa ya kumpa marehemu ni kuyachapa yawe kijitabu cha shule. Ila nilipochapa, nilisahihisha. Upatanisho wa ngeli aliouandika kama ulivyosemwa na watu wa soko, nikaunyosha. Maneno yaliyotoka katika Kigisu na Kiganda nikayafuta. Palipokuwa na matamshi mawili, nikachagua lile lililomo katika kamusi. Nikaweka jina lake na picha yake kwenye jalada. Madaftari yenyewe yalikuwa yameanza kuliwa na mchwa, nikayatupa.

Kijitabu hicho kingali kinatumika katika shule mbili nizijuazo, na wenzangu wamekisifu mbele yangu, nami nikashukuru. Hakina hata mstari mmoja unaosema kwamba mkono wangu umepita humo. Mzee wa Ohio alikuwa ameikata motokaa nzima kwa msumeno, na kazi yake ilikuwa ya kweli kuliko yangu.

Mwezi Mei mwaka 2017, juma moja kabla ya safari yangu ya kurudi, tuliipeleka motokaa kwenye kiwanja cha Norwalk. Ilipofyatuka, magurudumu ya mbele yaliinuka kiasi cha kupitisha kiganja, ikayumba upande, Mzee akaondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kufika mwisho. Ilichukua sekunde 13 na ushei, na zile za mwaka 1965 zilikimbia katika sekunde 10 hivi. Hakujali hata kidogo. Mjane alikuwa amesimama penye uzio, amejiziba masikio kwa mikono miwili, anacheka.

Nilipofika Mbale nilikwenda kwa binti wa mwalimu wangu, nikamweleza nililolitenda. Alininyamazia, kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi tatu zilizochanwa kutoka daftari la pili. Alikuwa amezihifadhi ndani ya msahafu kwa sababu zina mwandiko wa baba yake. Nimezinakili herufi kwa herufi, pamoja na alipokata na alipokosea, na kijitabu kitakapochapwa tena zitatiwa mwishoni, na mwanzoni nitataja mabadiliko yote ninayoyakumbuka. Katika karatasi ya pili yamo maneno manne ya wachukuzi wa stesheni ambayo niliyafuta mwaka ule. Mawili nimewapata wazee wanaoyajua. Mawili bado nayauliza.