Mawe Waliyowawekea Wafu

Kwetu Kiandutu, mtaa wa mabanda mjini Thika, jiwe ni riziki. Wapo wanaodamkia machimboni kila siku, na baba yangu alikuwa mmoja wao: karo yangu ilitokana na mawe ya kujengea aliyoyachonga upande wa Ndarugu. Ajabu ni kwamba mawe hayo yalijenga nyumba za wengine, ilhali sisi tulisitiriwa na mabati. Ndiyo sababu niliposoma juu ya makaburi ya wafugaji wa kale wa Turkana, nilivutiwa na jambo moja: watu wale nao hawakuacha nyumba za mawe. Mawe makubwa waliwawekea wafu wao.

Ushahidi mkubwa uko Lothagam Kaskazini, magharibi mwa Ziwa Turkana. Baina ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita, wafugaji hao walijenga jukwaa lenye kipenyo cha meta 30, wakachimba shimo katikati yake na kuwazika humo watu wasiopungua 580. Wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, walilazwa pamoja, na karibu kila mmoja alipambwa: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, hata pambo la meno ya panya. Shimo lilipojaa, walilifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Hakuna dalili ya mtawala aliyetengewa nafasi bora.

Wachimbuaji wa awali walikuwa na swali tofauti. Louis Leakey, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1935, alipima mafuvu ya kale ya Kenya ili ayagawe kwa mbari. Hata hivyo, udongo ulikuwa na habari nyingine. Mnamo 1937 na 1938, Mary Leakey alifukua makaburi ya mawe katika kilima cha Hyrax, karibu na Nakuru. Wanawake walizikwa pamoja na mabakuli, sinia na michi ya mawe. Wanaume hawakuwekewa vyombo hivyo. Mwaka 1938, katika pango la Mto Njoro, walipatikana wafu waliochomwa, wakiwa na mabakuli ya mawe na shanga nyingi. Naam, swali la asili nalo lilipata jibu mwaka 2019, pale uchunguzi wa jeni za watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania ulipoonyesha kuwa wafugaji hao walitokana na mchanganyiko wa wageni kutoka kaskazini na wawindaji wenyeji. Mpaka wa mbari uliotafutwa katika mafuvu haukuwapo.

Makaburi ya namna hii hayapotei kwa kishindo. Anayesafisha shamba huona rundo la mawe tu. Anayejenga huona msingi wa bure. Jiwe lenyewe halipotei, kinachopotea ni mahali pake. Sisi wanafunzi wa lugha tunalielewa hilo upesi: neno lililong'olewa katika sentensi hubaki na herufi zake zote, lakini halisemi tena lililokusudiwa.

Huenda msomaji akauliza, ya nini kuhangaikia wafu wa miaka elfu tano ilhali walio hai hawana makao? Nami nauliza hivyo hivyo. Lakini katika mtaa wetu, mtu anapofariki, majirani huchanga fedha asafirishwe kwao, na kwa familia zisizo na shamba popote, swali la kwanza huwa zito kuliko msiba: atazikwa wapi? Wafugaji wa Lothagam walihama na mifugo yao, wala hawakuwa na hati ya ardhi. Hata hivyo walikubaliana juu ya mahali pamoja ambapo kila mtu wao, hata mtoto mchanga, angepokewa na kuvishwa shanga. Anayeyabomoa mawe yale anafuta ushahidi kwamba jambo hilo liliwezekana katika nchi hii.