Shilingi 31,000 za mama

Mama aliweka benki laki moja na elfu themanini, pesa za samaki wa kukaanga wa Mbagala Rangi Tatu, akazisahau makusudi. Zilikuwa za bati za chumba cha uani. Mwaka ulipoisha akaenda kuzitoa, akakuta 121,400. Akanipigia palepale mlangoni: "Mwanangu, humu ndani kuna mwizi."

Nikamwambia hao hawaibi, wanakata. Najuta jibu lile. Ndivyo tulivyozoeshwa. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, nchi nzima ilipiga kelele, na Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Makato ya benki nani anayapigia kelele? Kila mtu anakatwa peke yake.

Tukachukua taarifa ya akaunti, tukaketi nayo jikoni. Ada ya mwezi 2,300, sawa, tukameza. Kadi 13,000, mama hana kadi wala hakuomba. Meseji za salio 1,500 kila mwezi, 18,000 kwa mwaka. Mama hajapata hata moja. Mimi ndiye niliyeiona namba iliyoandikwa pale. Ilikuwa ya marehemu baba.

Nikaipiga. Akapokea kijana, mpole tu, anasema laini aliinunua kihalali na hizo meseji huwa anazifuta.

Tawini tukaonyeshwa fomu. Ya Kiingereza, na chini yake dole gumba la mama. "Si alikubali?" Nikaandika barua ya malalamiko, nikadai nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, maana Benki Kuu nayo hukuuliza kwanza kama umeanzia kwenye benki yako. Wiki zikapita, kimya.

Kenya wana mahakama maalumu ya madai madogo tangu 2021, dai lisizidi milioni moja ya kwao. Kwetu kazi hiyo inaangukia Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza kwa Kiswahili, na mtu anaweza kujisemea mwenyewe. Karani alisoma karatasi zetu taratibu na hakucheka alipofika kwenye 31,000. Niliogopa sana atacheka. Nauli na fotokopi vilikuwa vimeshakula zaidi ya elfu kumi, na kaka yangu alishasema tunatafuta sifa.

Tukarudi tawini kuwaambia tunafungua shauri. Siku ile meneja alikuwepo. Akarudisha 13,000 za kadi papo hapo. Za meseji akakataa: meseji zilitumwa, mfumo unaonyesha.

Mama alikuwa kimya muda wote, mkoba mapajani. Akasema, "Sawa baba. Kama nimezinunua, basi nipe meseji zangu. Zote kumi na mbili. Na uniambie yule kijana anajua nina shilingi ngapi tangu lini."

Meneja akatazama kompyuta. Akatuomba tusubiri nje kidogo.