Gari la Parokia Lilipovuka Kilomita Elfu Kumi



Ndugu mafrateri, nanyi waamini mnaotusoma, mwaka wetu wa kichungaji tuliupitia Lushoto. Tulikuwa wawili, katika parokia yenye vigango vilivyotawanyika milimani na gari moja la kuvifikia. Zaidi ya katekesi na kwaya, Baba Paroko alitupa kazi mbili ambazo hatukuziomba: kumsaidia dereva kulitunza gari, na kuifufua kompyuta iliyokuwa imelala kabatini ofisini. Tunaandika juu ya kazi hizo kwa sababu zilikutana, na zilipokutana nusura ziue watu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya zamani, ya dizeli, ambayo injini yake haijui kompyuta ni kitu gani. Ukifungua boneti, karibu kila unachokiona unaweza kukishika. Dereva, ambaye ndiye fundi wake pia, tulimwita Mzee kama alivyoitwa na kila mtu pale. Alitufundisha kwa masikio. Aliwasha injini, akasimama pembeni na kutuuliza, "Haya Frateri, unasikia nini?" Sisi tulisikia kelele. Yeye alisikia feni beti iliyolegea. Majuma mengi kazi yetu ilikuwa kushika tochi na kupitisha spana. Akitaka namba kumi na tatu, tulimpa kumi na nne.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: usibadilishe vitu viwili kwa mara moja. Asubuhi moja ya ukungu gari lilikataa kuwaka, na watu wa kigangoni walikuwa wanasubiri Misa. Tulitaka tubadilishe filta ya dizeli na papo hapo tusafishe vichwa vya betri, ili tuwahi. Akatukataza. "Likiwaka, mtajua lipi lilikuwa bovu? Kesho litawagomea tena, nanyi mtakuwa hamjajifunza kitu." Tulichelewa Misa kwa saa nzima. Ilikuwa betri.

Jioni, baada ya Masifu na chakula, tuliifungua kompyuta. Tulikuwa na kitabu cha kujifunzia Python, lugha ya kuandikia programu ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Umeme ulipokatika, betri ilituvumilia dakika kama ishirini, kisha giza. Tulikosea kila kitu kinachoweza kukosewa: alama ya nukta mbili tuliisahau, mabano hatukuyafunga, mstari tuliusogeza nafasi moja kushoto. Lakini sheria ya Mzee ilifanya kazi na huku pia. Tulirekebisha kitu kimoja, tukaendesha programu, tukaangalia, ndipo tukagusa kingine.

Kilichotutia moyo ni habari za Padre Roberto Busa, Myesuiti wa Italia. Alipokuwa akiandika tasnifu yake juu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, aligundua kwamba hawezi kueleza fundisho lake kuhusu uwepo bila kufuatilia neno dogo la Kilatini, "in". Akaandika kwa mkono kadi elfu kumi hivi. Mwaka 1949 alimwendea Thomas Watson, mkuu wa IBM huko Marekani, kuomba mashine zimsaidie kupanga maneno yote ya mtakatifu huyo. Kazi ilichukua miaka kama thelathini, ikatoka katika vitabu 56. Mwenzangu alisema kwamba ikiwa padre aliweza kusubiri miaka thelathini kwa sababu ya neno "in", sisi tunaweza kusubiri umeme urudi.

Programu yetu ya kwanza yenye maana ilikuwa ya gari. Spidomita ilikuwa imefungwa mpya, ikaanza kuhesabu kutoka sifuri, na Mzee aliandika matengenezo kwenye daftari lililolowa oili. Tukaona tumsaidie. Kila Jumamosi tuliingiza namba ya spidomita, na programu ikailinganisha na namba ya matengenezo yanayofuata, ikajibu TAYARI au BADO. Kupaka grisi ni kila kilomita 1,000. Ilipofika 8,000 ikasema TAYARI, tukashangilia. Kwenye 9,000 ikasema TAYARI tena. Baada ya hapo tukaandika kwamba grisi inayofuata ni 10,000, na kuanzia siku hiyo ikadai grisi kila Jumamosi, hata tukiwa tumetoka kupaka. Tulicheka, tukasema kompyuta hii inapenda grisi. Hatukutafuta sababu. Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, si kule barabarani.

Pedi za breki za mbele Mzee alikuwa amezikagua kwenye 7,900 na kusema zirudiwe baada ya kilomita 2,000. Tukaandika 9,900. Jumamosi moja spidomita ilisoma 9,870. BADO, na ilikuwa kweli. Katikati ya juma Mzee akasema anasikia mkwaruzo gurudumu la kulia, na kanyagio la breki halimpendezi. Jumamosi iliyofuata tukaingiza 10,130. BADO. Tukamwita aje aone kwenye kioo.

"Mzee, kompyuta inasema bado."

Akaangalia lile neno kwa muda. "Sawa, wasomi wangu," akasema, akaenda zake.

Jumapili tulikuwa tunateremka na wanakwaya kwenda Mombo. Wanaoijua njia hiyo hawahitaji maelezo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na unashuka karibu mita elfu moja, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Tulipita Soni watu wakiimba. Mbele kidogo tuliona mguu wa Mzee ukikanyaga mara mbili, mara tatu. Hakupiga kelele. Akashusha gia hadi ya pili, kisha ya kwanza, injini ikanguruma, akalilaza gari taratibu kwenye ukingo wa upande wa mlima mpaka likasimama. Wimbo ulikuwa haujaisha.

Pedi zilikuwa zimelika hadi chuma. Mzee alitueleza pale pale, ameketi juu ya jiwe: mafuta ya breki yaliyokaa sana hunyonya unyevu, breki zikipata joto kali mteremkoni, huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hubonyea pale mafuta yasipobonyea. Ndiyo maana kanyagio lilizama mpaka chini bila kushika.

Usiku ule Baba Paroko aliuliza mezani nani aliyeruhusu gari litoke. Mzee akasema, "Mimi ndiye dereva, Baba." Nasi tukanyamaza. Tulinyamaza siku mbili. Tulisali Masifu ya asubuhi na ya jioni, tukahudumu altareni, tukanyamaza. Siku ya tatu tulikwenda wote wawili ofisini kwa Baba Paroko, na baadaye gereji, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi. Mzee aliendelea kufunga nati. "Nilijua mtakuja," alisema. "Ila nami nina kosa. Sikio langu liliniambia, nikaliamini lile neno."

Kosa la programu tulilipata usiku huo. Python hupokea unachopiga kwenye kibodi kama maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Hatukuiambia iyageuze kuwa namba. Kwa hiyo ililinganisha kilomita kama kamusi inavyopanga maneno: "chakula" hutangulia "wewe" ingawa ni refu zaidi, kwa sababu herufi ya kwanza inatangulia. Kwake 10,130 ilikuwa kabla ya 9,900, maana moja hutangulia tisa. Na kwa sababu hiyo hiyo 9,200 ilikuwa imeshapita 10,000, ndiyo zile kelele za grisi. Dawa yake ni neno moja la herufi tatu, "int". Mwenzangu alilitazama kwa muda mrefu, akasema Padre Busa angetucheka.

Programu bado inatumika. Siku hizi, kabla ya kuomba kilomita, inauliza dereva amesikia nini juma hili, na majibu ya Mzee tunayaandika kama alivyoyasema. Jumamosi iliyopita, kwa mujibu wa frateri aliyetupokea kazi, jibu lilikuwa: "Asubuhi linakohoa, likipanda Soni linapona." Kompyuta haijui la kufanya na sentensi hiyo. Wameshafungua boneti.