Shemeji, Ngoja Kwanza na Hizo Betri

Changamwe, Mombasa

Shemeji,

Nimefika salama. Feri ya Likoni ilinichelewesha, lakini magharibi ilinikuta Magongo kwa wenyeji wangu, na asubuhi wakanishindilia mahamri na mbaazi. Habari za ukoo zitafuata. Nina neno kuhusu ule mpango wako wa kununua betri chakavu na kuyeyusha risasi hapo uani kwako Tanga.

Jana nilipelekwa Owino Uhuru, upande wa Mikindani. Nyumba za udongo na mabati zimebanana na ukuta wa kiwanda ambamo Kenya Metal Refineries ilifanya kazi hiyo hiyo unayoitaka wewe, tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Mama mmoja alinionyesha bati la jikoni kwake: limetoboka kama chekeche, ukiligusa linakuachia unga mkononi. Moshi ulipita juu. Maji ya asidi yalipita chini, yakateremka katikati ya nyumba za watu.

Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mwanawe akaugua, akapimwa, damu ikakutwa na risasi. Mama akaacha kazi akaanza kupiga kelele, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikatengua 2023; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu. Na katika mgawanyo ule wa 2020, kiwanda kilibebeshwa asilimia 25, mamlaka ya mazingira, NEMA, ambao kazi yao ni kukagua, wakabebeshwa 40! Kwa hiyo usiniambie eti mkaguzi ameshakupitisha.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Betri ikipasuliwa hutoka asidi ya salfa yenye risasi, nyingine imeyeyuka, nyingine chembechembe. Ikusanye kwenye tangi la plastiki, maana la chuma litaliwa. Tia maji ya chokaa kidogo kidogo huku unakoroga, kwani hupata moto. Kipimo cha asidi, yaani pH, kikikaribia 9, risasi hugandamana na kutuama. Chuja, kisha ishushe pH: kanuni za Kenya za 2006 zilitaka maji yanayotoka yawe kati ya 6.5 na 8.5, na risasi isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kiasi hicho jicho halikioni, ni maabara tu, na chokaa peke yake mara nyingi haifikishi huko. Utahitaji kichujio kingine mbele yake. Lile tope la chini usilipeleke jaani. Ni risasi ile ile. Hurudi tanurini au huchukuliwa na mwenye leseni ya taka za sumu.

Hayo ni maji tu. Moshi na vumbi vina mitambo yake, na hiyo ndiyo ghali hasa. Mimi ningekushauri uwe unanunua betri nzima na kuziuza nzima, bila kupasua hata moja.

Ukishikilia lakini, kabla sijarudi uliza bei ya matangi, na siku mvua ikinyesha simama uani utazame maji yanaelekea wapi. Nakumbuka uwanja wako unainamia kwa jirani, kwenye kile kisima wanachotekea mtaa mzima.

Wasalimie watoto.

Shemeji yako