Safari ya Vijana Wachezao Raga Katika Nchi ya Italia



Mpira wa miguu mwaujua nyote, na watoto wenu huucheza kila jioni hata giza liingie. Lakini mchezo wa raga wauonao kwetu ni wachache, isipokuwa wale wa Kenya na Uganda, ambako shule kadhaa huucheza tangu zamani. Basi nataka kuwasimulia safari ya vijana ishirini na watano wa shule moja ya Uingereza, waliokwenda Italia kucheza raga mwezi wa Oktoba, mwaka 2017. Nami nilifuatana nao, kwa kuwa wakati ule nilikuwa nikifundisha katika shule hiyo.

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Kila upande una watu 15. Mpira wake si wa duara, bali umbo lake ni kama yai. Mchezaji huushika kwa mikono akakimbia nao, na adui zake wana ruhusa ya kumkamata na kumwangusha chini. Lakini iko sheria moja ya ajabu: mpira hautupwi mbele kwa mikono. Hupewa mwenzako aliye nyuma yako au kando yako. Kwa hiyo atakaye kwenda mbele hana budi kumtegemea yule asiyemwona, aliye nyuma yake. Nadhani sheria hii peke yake yatosha kumfundisha kijana mengi.

Hadithi ya wenyewe husema ya kuwa mwaka 1823 mwanafunzi wa shule ya mji wa Rugby, jina lake William Webb Ellis, aliukamata mpira katikati ya mchezo wa miguu akakimbia nao. Hadithi hiyo haina ushahidi wa nguvu. Lililo hakika ni kwamba kijana yule alipokuwa mtu mzima alikuwa kasisi, akafa mwaka 1872, na kaburi lake liko Menton katika nchi ya Ufaransa, karibu sana na mpaka wa Italia.

Tuliondoka kwa ndege asubuhi, tukashukia karibu na Venezia, tukapanda basi mpaka mji wa Padova, tukafikia huko. Padova ni mji wa elimu. Chuo chake kikuu kilianzishwa mwaka 1222, na mtaalamu Galileo alifundisha humo tangu mwaka 1592 hata mwaka 1610. Humo tena liko kanisa dogo ambalo kuta zake zote zimepakwa picha za maisha ya Bwana wetu na za Mariamu, kazi ya mchoraji Giotto, yapata mwaka 1305. Vijana waliingia wakipiga kelele kama ilivyo desturi yao, lakini mle ndani walinyamaza pasipo kuambiwa. Na katika mji huo huo chama cha raga kiitwacho Petrarca kilianza mwaka 1947, nacho kilitokana na chuo cha Mapadre Wajesuiti. Basi msidhani ya kuwa michezo na dini hazijapata kukaa nyumba moja.

Siku ya pili twalikwenda Venezia kwa gari la moshi, ingawa magari ya siku hizi hayana moshi. Mji ule umejengwa juu ya visiwa zaidi ya mia moja, na madaraja yake yapita 400. Njia zake ni nyembamba na zenye kupindapinda, hata aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja angeona kana kwamba yu kwao, ila penye vichochoro vingine pana maji badala ya ardhi. Kanisa kuu la mji ni la Marko Mtakatifu, na wenyeji husimulia ya kuwa mwaka 828 wafanyabiashara wa Venezia waliuchukua mwili wake kutoka Iskanderia, katika Misri, wakauleta kwao. Hivyo mji ule mkubwa wa Ulaya hujivunia mtu aliyetoka Afrika.

Mchezo wa kwanza ulikuwa katika kijiji kimoja upande wa Rovigo. Nchi ile ni tambarare, katikati ya mito miwili, Adige na Po, na mashamba ya mahindi huenea pande zote mpaka yapotee katika ukungu. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 mto Po ulivunja kingo zake, ukafunika nchi ile. Watu wapatao mia wakafa, na wengine wapatao 180,000 wakaacha makwao. Na katika miaka ile ile ya msiba, tangu 1951 hata 1954, timu ya raga ya Rovigo ilishinda mashindano ya nchi nzima miaka minne mfululizo. Wazee wa huko hawazitengi habari hizi mbili. Akikuambia ya kwanza hukuambia na ya pili.

Vijana wetu walikuwa na tumaini kubwa, maana waliona ya kuwa Waingereza ndio wenye mchezo. Lakini wale wana wa wakulima walikuwa na nguvu na tena walipatana. Kabla ya nusu ya mchezo tulikuwa tumekwisha kuachwa mbali. Hapo kijana mmoja wa kwetu, ambaye sitamtaja jina, alishindwa kuizuia hasira yake. Mwamuzi alikuwa amekwisha kupiga filimbi; yeye akamgeukia mwenyeji mmoja akampiga ngumi ya uso. Mdomo wa yule ukapasuka, damu ikamwagika juu ya fulana yake. Mwamuzi akamwonyesha kijana wetu kadi nyekundu, akatoka uwanjani, nasi tukaendelea na watu 14 mpaka mwisho, tukashindwa vibaya.

Sasa iko desturi katika raga, na Waitalia huishika sana. Mchezo una vipindi viwili, lakini wao huhesabu na cha tatu, wakakiita kwa lugha yao *terzo tempo*, yaani kipindi cha tatu. Nacho ni chakula. Walioshinda na walioshindwa huoga, kisha huketi meza moja wakala pamoja. Kijana wetu aliposikia hayo, alimwambia mwalimu mkuu wa safari, "Bwana, mimi nitangoja ndani ya basi." Mwalimu akamjibu, "Hukuja huku kucheza tu, umekuja kuwa mgeni. Na mgeni akialikwa huingia."

Akaingia wa mwisho, akaketi mwisho wa meza, macho chini. Wanawake wa kijiji walikuwa wakipakua. Chakula kilikuwa nyama yenye mchuzi pamoja na *polenta*, nayo ni ugali wa unga wa mahindi ya manjano. Mimi nilipouona nilifurahi moyoni, nikala kama mtu aliyerudi kwao. Zamani maskini wa nchi ile hawakuwa na kitoweo cha kuulia, wakapatwa na ugonjwa kwa kula ugali mtupu siku zote. Leo ni chakula cha heshima cha kumpa mgeni.

Mwanamke mmoja alifika mpaka mwisho wa meza, akamjazia kijana wetu sahani kuliko za wenzake, akamgusa bega, akasema neno kwa Kiitalia. Mwenyeji mmoja aliyejua Kiingereza kidogo akatafsiri, "Asema ule, umechoka." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye mama yake yule uliyempiga."

Kijiko kikasimama mkononi mwake. Alikaa hivyo kwa kitambo. Kisha akainuka, akakipita chumba kizima mbele ya watu wote, mpaka alipokuwa ameketi yule mwenye mdomo uliovimba. Waliyosemezana sikuyasikia, na nadhani maneno hayakuwa mengi, maana kila mmoja aliijua lugha yake tu. Lakini nilimwona yule mwenyeji akisogea kwenye benchi ili kumpa nafasi, na kijana wetu akaketi, akaletewa sahani yake huko.

Hata hivyo, mwalimu hakuifuta adhabu. Kijana alisamehewa na aliyeumizwa, lakini mchezo wa pili hakuucheza. Aliwachukulia wenzake maji. Wala hakunung'unika.

Mchezo huo wa pili ulikuwa L'Aquila, mji wa milimani, kaskazini mashariki ya Roma. Usiku wa tarehe 6 Aprili mwaka 2009, saa tisa na nusu, nchi ilitetemeka, nyumba zikaanguka juu ya waliolala, wakafa watu 309. Mmoja wao alikuwa mchezaji wa raga wa mji ule, kijana wa miaka 20. Wenzake waliookoka hawakungoja kuitwa. Walikwenda wakafukua mawe na kuwasaidia majirani, kwa mabega yale yale yaliyozoea kusukumana uwanjani. Mwaka ule ule chama cha raga cha ulimwengu kiliwapa heshima kwa tendo hilo. Sisi tulipofika, miaka minane baadaye, winchi za wajenzi zilikuwa bado zimesimama juu ya mapaa. Vijana wetu walicheza vema, wakashinda kwa pointi chache, lakini niliwasikia wakizungumza zaidi habari za wale waliofukua mawe.

Mwisho tulishuka Roma. Tuliikanyaga Njia ya Apio, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 312 kabla ya Kristo, na kwa njia hiyo Mtume Paulo aliingia mjini akiwa mfungwa, naye alitiwa moyo na ndugu waliotoka kumlaki. Kwa njia hiyo hiyo, usiku wa tarehe 10 Septemba mwaka 1960, Abebe Bikila wa Uhabeshi alikuja akikimbia miguu mitupu kwa mwanga wa mienge, akashinda mbio ndefu za Olimpiki kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Karibu na mwisho aliipita nguzo ya jiwe ya Aksum, ambayo majeshi ya Mussolini yaliitoa Uhabeshi mwaka 1937. Leo nguzo hiyo haiko Roma tena. Ilirudishwa kwao mwaka 2005, ikasimamishwa upya mwaka 2008. Tulisimama mahali ilipokuwa, nami nikawaambia vijana habari zake, wakasikiliza.

Basi, wazazi na walimu, sisemi kwamba shule zenu zianze kucheza raga. Nasema habari ya ile meza. Mara nyingi shule mbili zetu zikishindana, walioshindwa hupanda gari upesi wakaenda zao kwa matusi, na walioshinda hubaki wakiimba nyimbo za dharau. Ugomvi wa uwanjani ukawa ugomvi wa vijiji. Afadhali shule iliyoalika ipike, hata ikiwa ni mihogo na chai. Waketisheni vijana mmoja wa huku, mmoja wa huko, na mwenye kosa asiachwe nje, wala adhabu yake isifutwe. Na akina mama msione ya kuwa kazi yenu ni kupakua tu. Mahubiri niliyoyasikia safarini yalikuwa mengi, lakini lililombadili kijana yule lilikuwa sahani moja ya ugali, kutoka mkononi mwa mama aliyekuwa na haki ya kumnyima.

Wasalaam. Ni mimi mwalimu mwenzenu.